Safari ya Usinune

Ndoo za maji zilikuwa zimeshajazwa, ubao wa kupandia umeshalazwa, lakini watikisaji walikuwa bado wanabishana.

"Tikisa taratibu," Msusi alimwambia Fundi Injini. "Ziwa la asubuhi halina fujo. Usije ukamrusha mzee wa watu kama gunia la mkaa."

"Tangu lini wewe ukalijua ziwa? Si unaogopa hata beseni?"

"Jamani, punguzeni sauti," alisema Seremala. "Binti yake anamleta."

Usinune ilikuwa imekaa juu ya matairi ya lori yaliyotolewa upepo nusu, katikati ya karakana ya Seremala. Zamani hapakuwa na boti iliyoringa kama hiyo. Wanawake walisuka kwanza ndipo wakaipanda. Ikipiga honi, watu waliacha chai mezani wakakimbilia gatini, hata wasio na safari. Kisha zikaja boti za plastiki, nyepesi na za haraka, na boti za mbao zikaishia kuwa kuni, moja baada ya nyingine. Hii ilisalimika kwa sababu mwenyewe, mzee Nahodha, aligoma kuiuza.

Lakini kusalimika si kupona. Ubavuni ilikuwa na tundu ambalo kuku aliingia na kutoka bila kuinama. Seremala alikuwa amesema wazi: ikiguswa na maji, inazama hapo hapo. Kwa hiyo alipaka vanishi pale tu ambapo mikono ya Nahodha ingefika, yaani ukingoni, kwenye kiti na kwenye usukani. Macho ya mzee yalizima siku nyingi. Siku hizi alikuwa anaona kwa vidole.

Ziwa lenyewe lilikuwa nyuma ya ukuta, hivyo upepo ulikuwa wa kweli, na harufu pia. Mengine yote yalikuwa uongo wa mtaa mzima.

Na uongo huo ulikuwa na sababu. Tangu amzike mkewe, Nahodha alikuwa hali. Uji uliganda mezani. Binti yake alibembeleza, akafoka, akalia, akaita hadi shangazi wa kumtania. Wapi! Siku moja mzee mwenyewe akafungua mdomo: "Nirudisheni ziwani, na boti yangu, usukani niushike mimi. Mkinifanyia hilo, habari ya chakula haitawasumbua tena."

Binti akaitangaza habari hiyo nyumba kwa nyumba kama mtu aliyepata mchumba.

Sasa alikuwa anaingia naye, amemshika mkono. Mzee alikuwa amevaa koti lake la kazi, lile zito, mifuko imelemewa na spana.

"Nahodha! Koti hilo, kwenye jua hili?" Seremala alisema.

"Ziwani kuna baridi, kijana. Jua ni la kwenu nchi kavu."

"Na jaketi la kuelea, baba?" binti yake aliuliza.

"Hilo ni la abiria." Akageuza uso, akitafuta sauti. "Msusi yupo? Redio yangu kaichukue, iwe yako. Mimi imenichosha, na wewe umbea ndio riziki yako."

"Ee baba, umenitukana na kunizawadia kwa pamoja!" Msusi akacheka, akamkumbatia.

Wakampandisha yeye na binti yake. Mzee akapapasa ukingo, akapapasa usukani, akaubusu. Fundi Injini alikuwa ameshachomeka mpira wa maji ili injini isiungue. Ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma.

"Safari njema!" Msusi akapaza sauti, huku akirudi kinyumenyume na kuishusha polepole, mpaka ikawa sauti ya mtu aliyeachwa mbali gatini. Kisha akavua viatu, akarudi kwa kunyata na kushika ndoo yake.

Usinune ikaanza kuyumba. Majirani walikuwa wamekabana na miti ya kutikisia, wanavuja jasho, wameuma midomo. Maji yakarushwa ubavuni, matone yakamrukia mzee usoni. Akatabasamu. Binti yake hakuwa ameliona tabasamu hilo tangu msiba.

"Unaisikia?" mzee alisema. "Boti ya mbao ukiisemesha inakujibu. Zile za plastiki zinabwata tu kama sufuria tupu. Mama yako alikuwa anakaa hapo ulipokaa wewe. Hakuwahi kuuliza tunakwenda wapi."

"Hakuwahi, baba."

"Kisiwa tumekipita?"

"Tumekipita sasa hivi."

"Basi tuko kwenye kina."

"Kina kirefu, baba. Hapa hata nanga haifiki chini." Binti alikuwa analia kwa furaha. Moyoni alishaanza kupika: kwanza mchuzi mwepesi, kesho kitu kigumu kidogo.

Mzee akazima injini. Watikisaji wakatazamana, wakaendelea polepole, kama maji yaliyotulia.

"Usukani nilikufundisha," alisema. "Bado unaukumbuka?"

"Naukumbuka."

"Peke yako unaweza kuirudisha boti nyumbani?"

"Naweza, baba. Hata nikiwa nimefumba macho."

"Vizuri, mwanangu."

Akasimama, akashika ukingo, akavusha mguu mmoja, kisha wa pili, akajiachia. Alitua kifudifudi kwenye mchanga wa karakana, miguuni pa Msusi, na kabla hajaguswa na mtu akapanua mdomo, akavuta kwa nguvu, akangoja maji.