Picha Iliyokatikia Kwenye Nyusi

Picha ilishuka taratibu kutoka juu ya kioo cha kompyuta: kwanza mvi, kisha paji la uso. Ilipofika kwenye nyusi, dirisha lote likajifunga, kama lilivyofanya tangu asubuhi.

"Ni tovuti yao, mama," alisema mwenye duka la intaneti pale Newala mjini. "Kompyuta yangu ni nzima."

"Tovuti haina kosa," alipinga mwalimu aliyekaa jirani. "Kivinjari chako ndicho kimechoka. Fungua kile kingine."

Dorika hakuwasikiliza. Alikuwa ametoka Chilangala baada ya kusikia kwamba shirika moja la Msumbiji limeweka mtandaoni picha za watu wanaotafuta ndugu zao. Kaka yake alivuka mto Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, hakurudi, na nyumbani walishamwekea matanga.

"Ni yeye," alisema.

"Uso wenyewe hujauona, mama."

"Paji lile ni la baba yetu."

Mwenye duka akafungua kivinjari kingine. Safari hii picha ilipita nyusi, ikaonyesha macho, tabasamu, shati lililopigwa pasi, mikono iliyotulia mapajani. Chini ya magoti, suruali ilikuwa imekunjwa na kushonwa.

Mwalimu, aliyekuwa amesema kweli kuhusu kivinjari, akageukia kompyuta yake.

Dorika aligusa kioo kwa kidole chenye madoa meusi ya maganda ya korosho, akakiacha pale.

"Waandikie," alisema. "Waambie nakwenda kumchukua mimi mwenyewe."