Pikipiki ya Rubani

Safari hii kilichopotea ni sindano ya kabureta, kijiti cha shaba chembamba kama njiti ya kiberiti. Mke wa Rubani alikuwa amelala kifudifudi, mkono mzima mvunguni mwa kabati, anapapasa vumbi. Wifi yake, dada wa mume, alisimama pembeni na kikombe cha chai.

"Tafuta vizuri, wifi. Pengine imeota miguu."

Kabla ya sindano ilipotea springi ya klachi. Kabla ya springi, gasketi iliyotoka ng'ambo. Kila pikipiki ilipokaribia kuwaka, kitu kimoja kidogo kiliyeyuka ndani ya nyumba kama sukari kwenye chai.

Rubani hakuwa rubani, alikuwa fundi friji. Mtaa ulimbandika jina hilo alipoanza kwenda kununua mkate amevaa koti la ngozi na helmeti. Ile pikipiki ya Kitaliano aliinunua ikiwa mifupa mitupu, kutoka ghala lililokuwa linavunjwa. Na mikono yake, mnyonge mnyongeni, ilikuwa ya dhahabu. Tangi alilipiga msasa, akalipaka rangi nyekundu mpaka ukitabasamu mbele yake unajiona meno. Kiti alikishona mwenyewe. Breki alizifunga nyingine, kali kuliko zile ilizozaliwa nazo. Injini ilikalia meza ya chakula, watu wakala na sahani mapajani. Mnyororo ulichemshiwa kwenye sufuria nzuri kuliko zote, na tangu siku hiyo sufuria haikurudi jikoni.

"Lini tutakuona barabarani?" dereva wa lori, jirani yao, humwuliza kila akipita dirishani. "Au nikujaribie mimi?"

"Kwani wewe mkeo huwa unampa nani akujaribie?" Rubani humjibu. Kisha hueleza atakavyoilaza kwenye kona mpaka goti lilambe lami, na wasikilizaji wakasahau walikokuwa wakienda.

Baada ya sindano kupotea, wifi aliita kikao sebuleni.

"Kaka, mlango una kufuli, na mwizi wa nje hapiti kwenye tundu la ufunguo. Kuna mtu humu ndani hataki uendeshe."

Hakutaja jina. Hakuwa na haja. Ni mke aliyesema, siku ile mifupa ilipoingia, kwamba hicho chuma kitamfanya mjane.

"Nilisema," mke alijibu. "Kusema si kuiba."

"Sawa. Kikipotea kingine, wifi, nitakusaidia kufungasha. Kwenu si mbali."

Mke alimgeukia mumewe amtetee. Rubani alikuwa anafuta spana, na ile spana ilikuwa safi.

Tangu hapo hakukalika. Mwanamke alifagia palipofagiliwa, akafunga dirisha lililofungwa, akashtuka kila paka akikohoa. Chakula kiliungua akiwa amekitazama. Alimshuku wifi, maana ufunguo wa pili ulining'inia shingoni mwa wifi kama medali. Lakini kumshuku wifi ndani ya nyumba ya kaka yake ni kutwanga maji, unachoka wewe na unga huuoni.

Akamwomba ndugu yake aliyeko ng'ambo atume sindano nyingine. Ilipofika, alimwambia mumewe peke yake.

"Nimeificha asikofika dada yako."

"Wapi?"

Akajigonga kifuani. "Humu. Mwizi akitaka, apige hodi kwanza."

Jioni hiyo, mke akiwa anaosha vyombo, Rubani alimjia kwa nyuma akamkumbatia. Jambo hilo halikuwa limetokea tangu injini ipande mezani. Akamsifu nywele. Akamsifu shingo. Mkono ukaanza kushuka polepole, kama unatafuta njia gizani.

Mke akautandika mwiko.

"Leo ndiyo umenikumbuka? Subiri pikipiki iwake, ndipo utaninunulia na maua."

Rubani alikwenda kulala amenuna.

Asubuhi mke hakungoja chai. Alizunguka mtaani mwenyewe akamwita dereva wa lori, akawaita wanawake waliokuwa bombani, akamwita na wifi aje asimame mbele kabisa. Pikipiki, injini imesharudishwa mahali pake, ikatolewa nje uani. Mke akageuka ukutani, akaingiza mkono kifuani, akaitoa sindano na kuinyanyua juu watu wote waione.

"Haya, mume wangu. Funga."

Rubani alifunga. Bisibisi ilimponyoka mara mbili, na wanawake wakasema masikini, ni furaha. Akapiga kiki. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma kwa sauti nzito hata vioo vikalia madirishani na paka akahamia juu ya paa.

Wifi alikunjua mikono aliyokuwa ameikunja. "Wifi yangu," alisema, taratibu, "nilikukosea."

Mke alimwitikia kwa kichwa tu. Si yeye aliyekuwa akimsubiri.

"Rubani, paa!" dereva wa lori alipiga kelele. Watu wakapisha njia mpaka langoni.

Rubani akapanda. Akateremsha kioo cha helmeti, akakipandisha, akakiteremsha tena. Akavuta glovu, ingawa zilikuwa zimeshaingia. Mwishowe akamwashiria mkewe asogee.

Mke akasogea, kichwa juu, akatega sikio aombwe msamaha mbele ya mtaa mzima.

"Mke wangu," Rubani alinong'ona, "shika kiti kwa nyuma, usiniachie. Mimi hata baiskeli sijui kuendesha."