Kifuniko cha Kisima

Utepe mwekundu ulikuwa umekwisha kukizunguka kisima mara mbili, lakini kufuli lilikuwa bado mkononi, kwa sababu mama mkwe alikuwa ameketi juu ya kifuniko akichambua mboga.

Mkwewe, mpima maji wa manispaa, alisimama mbele yake jasho likimtoka. Kufunga kisima cha mtu baki ni kazi. Kufunga cha mama mzazi wa mkeo ni kujitafutia balaa. Mtaa mzima ulichota hapa, na bomba la karibu lilikuwa mwendo wa saa nzima.

Alimweleza kwa adabu zote. Maji yalikuwa na madini ya sumu, ingawa kidogo sana, na hakuna ajuaye hasa ni kiasi gani kinachodhuru. Kwa hiyo kile kinachodhaniwa salama hugawanywa kwa kumi, kwa ajili ya watoto. Kisha kwa kumi tena, kwa ajili ya wazee. Yeye mwenyewe aligawa kwa kumi nyingine, ili alale usingizi.

"Kuna mtu ameugua?"

"Hapana, mama. Ila hatuna uhakika."

Uhakika ndio uliokuwa ugonjwa wake. Tangu aoe, miaka kumi na miwili, hakunywa maji popote ila ya chupa aliyojaziwa na mkewe, na ya kisima hiki aliapa hajaonja hata tone. Mke alikuwa binti mwema: kila Jumamosi alikwenda kumwona mama yake, na gari likarudi limeinama nyuma kwa uzito wa maboga, au ndivyo alivyodhani mumewe.

"Sasa huo uhakika unapatikanaje?" mama mkwe akauliza.

Mpima maji alifurahi. Hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Angetakiwa mtu aliyekunywa maji haya tu, zaidi ya miaka kumi, akapimwa na daktari kila mwaka.

"Kama wewe unavyopimwa kazini," mama mkwe akasema. Habari za cheti cha afya cha mkwewe, cha juzi na kisicho na doa, alikuwa amesimuliwa mara tu baada ya shikamoo.

"Barabara. Nionyeshe mtu wa hivyo aliye mzima, mama, na utepe huu nitaukata kwa meno."

Akapiga funda refu kutoka kwenye chupa yake.

Mama mkwe aliinuka taratibu, akaushika utepe, akamsogezea mdomoni.

"Mkeo huchota hapa, madumu sita kila Jumamosi, tangu umwoe," akasema. "Haya, baba. Ng'ata."