Mama Mkwe Juu ya Tuta

Gari dogo la Kibwana lilikwama juu ya tuta, mama mkwe wake akiwa ndani.

Springi fupi za dukani zilikuwa zimemshinda bei, kwa hiyo alizikata zile za zamani kwa grainda ili gari likae chini kama magari ya vijana wa mjini. Sasa tumbo la gari lilikuwa limelalia lami.

"Mama, niwie radhi," alisema bila kumtazama. "Ukishuka kidogo, litapita."

Bi Somoe alikuwa anakwenda nyumbani kwa mkwewe kwa mara ya kwanza. "Kumbe mimi ndiye mzito, mkwe wangu?"

Kibwana angeweza kumwambia kwamba springi amezikata mwenyewe. Badala yake akawasha gari upya.

"Kaka, gari limechuchumaa," kijana mmoja alisema kutoka kibarazani. "Limebanwa na haja?"

Wenzake wakacheka. Bi Somoe akashuka.

Kibwana akakanyaga mafuta. Gari likakwaruza, likavuka. Akasimama mbele, akamfungulia mlango. Mama akaupa mgongo.

Hasara ilikuwa bomba moja la moshi, lililobaki juu ya tuta, na mama mkwe mmoja, aliyekuwa anarudi alikotoka kwa miguu, juani, bila kugeuka.