Kitambaa Cheupe Kwenye Usukani

Mzee Jumbe alifunga kitambaa cheupe kwenye usukani wa baiskeli, akakaza fundo mara mbili, kisha akabaki ameushika usukani asiuachie.

"Leo angekwenda mwingine," alisema.

"Mwingine gani anaijua njia ya msituni?" Tarishi aliuliza.

Kwa miaka sita, kila Mwislamu alipofariki mtaani Ziwani, Tarishi ndiye aliyepanda baiskeli kuwapasha habari jamaa wa mbali. Kitambaa hukatwa kwenye sanda ya marehemu, na wanaokiona barabarani hupisha. Siku hiyo mbeba habari haitwi kwa jina lake, kwa kuwa watu wanaogopa msiba usije ukajifunza majina yao nao. Hali wala hanywi, na akifika mlangoni hashuki kwenye baiskeli mpaka mwenyewe amwambie shuka. Ndiyo maana njiani wengi walimjua kwa Tarishi tu, na hawakuuliza zaidi.

"Mkeka wa mfiwa uko wazi," mzee alisema. "Watu wataniuliza."

"Waambie anakuja."

Marehemu alikuwa Shamsia, mke wa Kombo, fundi wa akala, vile viatu vya mpira wa matairi, pale Kariokor. Kichomi kilimwondoa alfajiri, na neno lake la mwisho lilikuwa kumtaka mama yake. Maziko yangekuwa baada ya alasiri. Mama mwenyewe, Bi Muhiba, aliuza chai na mahamri ng'ambo ya vilima vya Ngong, mahali penye maduka matatu na lori moja la ngozi, la Abdiqadir, linalokwenda mjini saa sita kamili. Bi Muhiba akilikosa lori hilo, angekuta udongo tu, uso wa mwanawe asiuone tena. Saa ilikuwa tatu kasorobo.

Tarishi akaondoka. Lami iliisha, murram ikaanza, na vumbi jekundu likampanda mpaka magotini. Hakusikia kitu. Huzuni hakuiona ilipo, hata uchovu hakuuona. Miguu tu ndiyo iliyojua kazi. Watu wa Ziwani walikwisha kusema kwamba kazi ile itamwotesha moyo sugu. Mtu hawezi kubisha hodi arobaini zenye vifo ndani yake akabaki kama watu wengine. Pengine walisema kweli.

Penye msitu palikuwa na kizuizi, kwani serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari na hakuna aliyepita bila kuonyesha karatasi. Askari wa zamu alikuwa Phares, mtu wa Maragoli, aliyekwisha kuizoea baiskeli ile. Alipokiona kitambaa alivua kofia, na karatasi hakuitaka.

"Leo ni nani tena?"

"Mke wa Kombo, fundi wa akala."

"Simjui huyo. Alikuwa mzee?"

"Miaka ishirini na mitatu."

Phares alitikisa kichwa, akanyoosha mkebe wa maji, kisha akakumbuka mwiko na kuurudisha. "Na bwana yake ako aje?"

Tarishi alifikiri kidogo. "Bado hajalia."

"Hiyo ni mbaya. Mwambie alie. Machozi ikikaa ndani inaoza."

"Nitamwambia," Tarishi alisema, na Phares akainua mti wa kizuizi.

Ndani ya msitu njia ilikuwa nyembamba, imejaa mizizi, na baridi yake ilikuwa ya asubuhi bado. Alitokea upande wa pili kwenye uwanda wa vichaka vya leleshwa, ambako jua lilimpiga usoni na kokoto ziliruka chini ya magurudumu. Aliijua kila kona. Alipofika kwenye mteremko wa kuingia mto mkavu alisema, "Shikilia," kama alivyozoea, ingawa kwenye keria hapakuwa na mtu.

Mchanga ukameza gurudumu la mbele. Alishuka akasukuma, na katikati ya mto mnyororo ukatoka. Alichuchumaa akaurudisha kwa vidole vyake, vidole vyenye weusi wa mpira ambao sabuni ilikwisha kushindwa nao. Mnyororo ukatoka tena. Akaurudisha tena, bila hasira, huku akisikia mbali ng'ambo ya mto injini ya lori ikikohoa na kuwaka.

Alipanda ukingo akiwa amebeba baiskeli begani. Juu akaipanda tena, kwa sababu mbeba habari hafiki kwa miguu.

Lori lilikuwa limekwisha kugeuzwa. Abdiqadir alitoa kichwa dirishani, akakiona kitambaa, akazima injini mwenyewe bila kuambiwa. Wanunuzi wa ngozi waliacha vikombe vyao wakasimama. Baiskeli ikapita mbele yao, ikaenda mpaka kwenye jiko la Bi Muhiba, ikakoma hapo.

Bi Muhiba alikuwa na mwiko mkononi na mafuta yakichemka mbele yake. Alikitazama kitambaa kwa muda mrefu.

"Nani?" aliuliza.

Tarishi alisema kama alivyosema kwenye milango yote, sauti haikupanda wala haikushuka. "Shamsia, mke wa Kombo. Amefariki alfajiri. Maziko ni baada ya alasiri, Kariokor. Lori linakungoja."

Mama yule aliepua karai kwanza, akaliweka chini. Akaja mpaka kwenye usukani, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akakikunja kitambaa na kukitia kifuani. Kisha akaishika ile mikono myeusi, iliyokuwa bado imekaza usukani, akaibandua kidole kimoja kimoja.

"Habari nimeipata," alisema. "Sasa shuka, Kombo. Shuka, mwanangu, umlilie mkeo."