Nguzo Niliyoikata Juni

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Sifa ya kambi yetu ya mapumziko katika milima ya Adirondack, Marekani, pale ziwani, ni nguzo zilizoachwa na magome yake tangu enzi za babu wa tajiri wetu, mwenye kambi. Fundi Orrin alishanionya: mti wa kubaki na gome hukatwa wakati wa theluji. Mimi nikaukata Juni.

Mashua ya tajiri ilipokaribia gati, gome la nguzo yangu mpya likaanza kuteleza kwa utomvu, kama soksi iliyolegea. Nikalikumbatia kwa mikono na magoti.

“Kibarua chako kinaota nyasi, mwanangu,” Orrin akasema, kiko cha tumbaku mdomoni.

“Mzee, mti ni mti, uukate Januari, uukate Juni.”

“Basi liachie hilo gome.”