Ichinjwe Ipi?

Katika miaka yake yote ya ufundi, Lubega hakuwahi kuona watu waliogongana wakileta magari yao gereji moja. Kwa kawaida kila mmoja huenda kwa fundi wake, wakaja kukutana tena polisi. Lakini asubuhi ile ya Aprili, Corolla mbili kuukuu zilikuwa uani kwake, karibu na uwanja wa ndege wa Juba, zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Nyeupe ilikuwa imebondeka nyuma. Ya buluu ilikuwa imebondeka mbele.

Wenyewe nao walikuwa hapo, kila mmoja kasimama kando ya gari lake, hawatazamani.

"Nani alimgonga mwenzake?" Lubega aliuliza.

"Yeye," walijibu kwa pamoja.

Mwanamke aliitwa Kerubo, mwalimu. Mwanamume aliitwa Gerishon, wa benki. Wakenya wote wawili.

"Nilikuwa natoka kwa geti narudi nyuma polepole," Kerubo alisema, "nikasikia tu kishindo. Huyu mtu aliingia kama anafukuzwa."

"Polepole?" Gerishon alicheka kwa uchungu. "Alichomoka kama risasi. Kioo hata hakukitupia jicho."

"Na wewe ulipiga honi?"

Lubega aliinua mikono juu. Alitoka Masaka kuja kutengeneza magari, si kuamua kesi. Akazigongagonga bodi kwa kifundo cha kidole, akalala chini akachungulia chasisi, akainuka akijipangusa vumbi.

"Sikiliza, ssebo," akamwambia Gerishon kwa heshima ya kwao, kisha akamgeukia Kerubo, "Sikiliza, nyabo. Spea inatoka Kampala, na hii vita imeharibu barabara ya Nimule. Mkingoja, mtangoja mpaka gari iote majani. Mimi iko na njia moja tu. Hii iko na mbele nzuri, hii iko na nyuma nzuri. Tunachinja moja, nyingine inapona. Mniambie, tunachinja gani?"

"Yake," walisema kwa pamoja.

Lubega akaona siku itakuwa ndefu. Akamvuta Gerishon kando, hadi kwenye rundo la matairi.

"Ssebo, mwachie huyu mama yaishe. Mimi naona macho yake. Huyu hakubali."

"Najua," Gerishon alisema na kushusha pumzi. "Lakini ile gari niliinunua wiki ile bendera ya nchi hii inapandishwa mara ya kwanza. Siku ya uhuru nilizunguka mji mzima, vijana wamekaa juu ya boneti wanaimba. Boneti hii hii." Akaitazama ilivyokunjamana kama karatasi.

Lubega akaenda upande wa pili.

"Nyabo, pigia bwana yako simu. Aje tuongee na huyu mtu kiume."

"Mume wangu?" Kerubo alisema. "Huyo akija atasimama tu kama nguzo. Wewe ongea na mimi, fundi."

Akaweka kiganja juu ya paa la gari lake. Sauti ikamshuka. Desemba, alisema, vita vilipozuka na bunduki zilipokuwa zinalia, alimpakia jirani yake Nyaruot, ambaye kabila lake lilikuwa linawindwa, na watoto wake wanne na kila aliyeweza kuingia, akapita vichochoroni mpaka kwenye geti la UN.

"Watu tisa, fundi, kwa gari ya watu watano. Mmoja alilala kwa buti, na njia nzima anapiga kelele ati naendesha vibaya."

Lubega aliangua kicheko. Gerishon hakucheka. Alikuwa amesogea karibu bila wao kumwona, kofia mkononi, anasikiliza.

"Nyaruot bado yuko kambini," Kerubo aliendelea. "Kila Jumamosi nampelekea unga na sabuni. Watoto wake wanaijua hii injini kwa sauti. Haijafika, wao wameshafika kwa geti. Sasa nikwambie uichinje?"

Ndege ikapaa juu ya gereji kwa mngurumo. Ilipopita, Gerishon alivaa kofia yake.

"Chinja yangu," akasema.

Lubega alidhani hakusikia vizuri. "Yako? Kweli kweli?"

"Kata nyuma yake uiunge kwa hii nyeupe. Taa, bampa, tangi, chukua zote. Na injini uipime. Kama inashinda yake, itie humo."

"Injini yako inakunywa mafuta," Kerubo alisema. Lakini aliisema kwa upole, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama usoni.

Lubega alijisikia mwepesi kana kwamba gari lililopona ni lake. Hata hivyo huruma ikamshika. Mtu wa watu, amegongana tu na mtu asiyemjua, na bado anamtolea gari zima! Alijiambia kwamba jioni atamsimulia kila mtu mtaani kwake Mangateen kuwa Juba bado ina watu wenye moyo.

"Khalas, yamekwisha!" akapiga makofi. "Wiki mbili nyeupe inatembea. Nyabo, nikuletee wapi?"

"Thongpiny, nyuma ya maghala. Utaona geti ya kijani, imepinda kidogo."

"Na wewe, ssebo? Mabaki ya yako napeleka wapi?"

Gerishon alikuwa ameanza kutafuta boda kwa macho. Akageuka.

"Geti hiyo hiyo," akasema. "Ila usimame mbali, fundi, na upige honi kwanza. Mke wangu akirudi nyuma haangalii kioo."